Mama Kopi: Kongamano letu litafanyika hapa hapa

Saa saba na nusu mchana, Jumamosi, na mashine ya kopi imegoma. Mama Kopi amepiga magoti nyuma ya kaunta, mkono umezama ndani ya mashine mpaka kwenye kiwiko, anavuta karatasi iliyokwama kipande kwa kipande. Mteja wake, mwanaume wa makamo anayetaka kopi ya kitambulisho, pande zote mbili kwenye karatasi moja, anauliza kwa mara ya tatu kama atachukua muda mrefu.

"Baba, ukinihimiza hivyo itanimeza na mkono," anamjibu bila kuinua kichwa. "Halafu nani atakutolea kopi?"

Juu ya kaunta, kati ya stepla na rundo la bahasha, kompyuta ndogo iko wazi. Dakika kumi na tano kutoka sasa atatokea kwenye kioo chake mwanamke ambaye hawajawahi kuonana ana kwa ana, anayeishi nchi nyingine, na atamhoji. Akiridhika, mji huu utapata kongamano lake la kwanza la watu wanaotengeneza tovuti kwa programu huria, ile programu ya bure inayotungwa na watu wa kujitolea duniani kote. Asiporidhika, ombi linafungwa kwa mwaka mzima.

"Na mimi sina mwaka wa kuchezea," anasema Mama Kopi, akijifuta wino kwenye vidole. "Waniulize wanachotaka. Leo hapa hatoki mtu."

Ana miaka hamsini na mmoja, na kumi na minne kati ya hiyo ameimaliza kwenye duka hili lenye urefu wa hatua sita na upana wa nne. Siku nzuri anatoa kurasa mia nne. Siku mbaya anauza bahasha tano na kalamu mbili, kisha anapangusa kaunta mpaka inang'aa kwa kukosa la kufanya. Jina lake halisi halijulikani mtaani. Hata mumewe, fundi wa majokofu, akimwita kutoka ng'ambo ya barabara hupaza sauti, "Mama Kopi! Chakula tayari!"

Habari za tovuti zilimkuta humu humu dukani. Miaka tisa iliyopita, mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliingia akiwa ameshika kichwa. Kijana aliyewatengenezea tovuti alikuwa amehama na hapokei simu, na wazazi wanataka kuona matokeo ya mitihani.

"Nikamwambia, mwalimu, niachie mimi," anakumbuka, akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Hee! Sikujua hata hiyo tovuti inaingiliwa wapi. Nilishajitia kitanzini, ikabidi nijifunze nitakavyotoka."

Ilimchukua wiki tatu. Matokeo yakapanda, mwalimu akapona, na Mama Kopi akagundua mambo mawili. La kwanza, kwamba kazi ile anaiweza. La pili, kwamba Kiswahili kilichokuwa ndani ya programu ile kilikuwa cha aibu. Sentensi nyingine hazikuisha, nyingine zilikuwa na maana ya kichekesho. Akaandika malalamiko. Akajibiwa kwa heshima zote kwamba hayo yanatafsiriwa na watu wa kujitolea, hivyo anakaribishwa kurekebisha mwenyewe.

"Nikadhani wananitukana," anasema. "Kumbe ndivyo wanavyofanya kazi."

Akaanza kurekebisha. Mteja akitoka, anatafsiri sentensi mbili. Akiingia mwingine, anaacha. Kwa mtindo huo wa kuokoteza ameshatafsiri sentensi zaidi ya elfu nne, na kila anayeitumia programu ile kwa Kiswahili anasoma maneno ya mwanamke huyu bila kujua.

Tena bila kujua kabisa. Miaka miwili na nusu iliyopita alisafiri saa tisa kwenda kwenye kongamano la mji mkubwa. Ulipofika wakati wa maswali akasimama, akauliza kwa nini Kiswahili kinachelewa miezi kila toleo jipya likitoka. Mzungumzaji akamwambia akamuulize mtafsiri wa Kiswahili.

"Nikasema, mtafsiri ndiye huyu aliyesimama. Ukumbi mzima ukacheka. Walidhani natania!" Anaipiga kaunta kwa kiganja, na mteja wa kitambulisho anashtuka. "Nilikaa chini masikio yanawaka moto. Njia nzima ya kurudi sikusema na mtu. Nikajiapiza: nitafanya la kwetu, na watu wangu hawatachekwa."

Jumamosi iliyofuata, saa nane kamili, aligeuza kibao cha mlangoni kikasoma "Tumefunga" na kufungua kikao cha kwanza. Walikuwa wanne: yeye; mdogo wa mumewe, fundi wa simu mwenye kibanda duka la tatu kutoka hapo; mfamasia wa mtaani; na dereva wa lori aliyestaafu, ambaye kwa kweli alikuja kutoa kopi akaona aibu kuondoka. Tangu hapo wanakutana kila mwezi, na sasa hawapungui thelathini. Wanakaa juu ya makasha ya karatasi, kwenye viti vya plastiki, na wengine kwenye ngazi ya nje. Kila anayeingia anaandika jina na kutia sahihi kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu.

"Mimi nimeishi kwa sahihi za watu," anasema. "Kisicho na sahihi kwangu hakipo."

Ni hapo hapo penye sahihi balaa lilipoanzia.

Jumuiya ya programu hii ina utaratibu wake, na hauna njia ya mkato. Mji hauruhusiwi kufanya kongamano kwa jina la programu mpaka kikundi chake kipeleke ombi. Ombi linasomwa na mtu wa kujitolea anayeitwa mlezi. Mlezi anawahoji mara mbili: ukumbi ni upi, nani ana sauti, kiingilio kila mtu atakimudu, na je, hakuna kampuni iliyojificha nyuma inayotaka kulifanya kongamano duka lake. Akiridhika, wenzake wawili wanatia saini, kisha tarehe inaingizwa kwenye ratiba ya dunia. Hakuna anayelipwa hata senti. Mlezi wa Mama Kopi, kwa mfano, ni mtunza maktaba, na mahojiano anayafanya siku zake za mapumziko.

Lakini kabla ya yote hayo, mlezi anaangalia kama kikundi kiko hai kweli, na hilo analiangalia kwenye ukurasa wa kikundi mtandaoni, unaoorodhesha vikao vyote. Katika mahojiano ya kwanza mlezi aliufungua ukurasa wa Mama Kopi. Vikao vilivyofanyika: sifuri.

"Sifuri!" Mama Kopi anaitamka kama mtu aliyeng'atwa na siafu. "Miaka miwili na nusu, vikao thelathini na kimoja, halafu sifuri! Sikujua kama kuna mahali pa kuviandika. Watu wangu nawaambia wakija kutoa kopi, na aliyesikia anamwambia mwenziwe. Nitangaze nini wakati wote tunajuana?"

Shemeji yake, yule fundi wa simu, akajitolea kuokoa jahazi. Alichukua daftari Jumanne moja baada ya chakula cha mchana. Saa kumi na moja jioni akarudi akitembea kifua mbele.

"Shemeji, kazi imekwisha. Vyote thelathini na kimoja vimo."

"Vyote? Leo leo?"

"Leo leo. Kwani mimi nina mchezo?"

Shemeji hakujua kwamba mtambo unatunza pia siku na saa ambayo kila kikao kimeandikwa. Mlezi alipofungua ukurasa tena, akakuta kikundi kilichokuwa na sifuri sasa kina vikao thelathini na kimoja, vyote vimezaliwa Jumanne moja kati ya saa nane na saa kumi na moja. Barua pepe ikafika kesho yake. Ombi limesimamishwa. Maelezo yanahitajika. Na sentensi moja ambayo Mama Kopi anaijua kwa moyo: "Tumewahi kuona vikao vya kubuni."

Shemeji alikaa siku mbili bila kupita mbele ya duka. Alikuwa anazungukia nyuma, kwenye mabomba ya maji machafu, kwenda kibandani kwake.

"Sikumgombeza," anasema Mama Kopi. "Nilimwambia tu, shemeji, ukweli wetu umeufananisha na uongo. Basi. Akalia, nami nikalia, tukanywa chai."

Habari zikatembea. Mwenyekiti wa kongamano la mji mkubwa alipiga simu, sauti imejaa huruma. Mama asijisumbue, alisema, waje kwao. Watawapa chumba cha pembeni, saa moja nzima.

"Nikamwambia asante sana, kaka yangu. Pembeni nimekaa miaka mingi, nimeshapachoka."

Hata nyumbani hakupata mtu wa kumuunga mkono. Mumewe alimshauri aombe radhi yaishe. "Radhi ya nini?" anauliza, macho yamemtoka, utadhani mume amesimama hapa. "Nilikosa kuandika. Sikukosa kukutana. Niombe radhi kwa kitu nilichokifanya kwa jasho langu? Thubutu!"

Saa nane kasorobo. Mashine imekubali, mteja amepata kitambulisho chake pande zote mbili na kuondoka. Kompyuta inalia. Kwenye kioo anatokea mwanamke mwenye miwani mikubwa, rafu za vitabu nyuma yake. Wanasalimiana, wanaulizana hali za nyumbani, kisha mlezi anakunja uso kidogo na kuingia kazini.

"Mama, naomba unieleze ile Jumanne."

Mama Kopi anaeleza, hapunguzi wala hatii chumvi. Kosa la kuandika vyote kwa mkupuo analikubali. Neno kubuni halikubali. Anafungua daftari, analiinua mbele ya kamera, anageuza ukurasa mmoja baada ya mwingine.

"Nimeliona, mama," anasema mlezi taratibu. "Lakini hata daftari mtu anaweza kulijaza kwa siku moja."

Mwandishi wa makala haya, aliyekaa juu ya kasha la karatasi pembeni, anaacha kuandika amtazame. Mishipa ya shingo ya Mama Kopi imesimama.

"Mdogo wangu," anasema. "Kalamu tofauti, miandiko tofauti, sahihi mia saba na zaidi. Ningekuwa na kipaji hicho ningekuwa hapa nauza kopi?"

Mlezi anajitahidi asicheke. Hajamaliza kujitahidi, mlango unafunguliwa. Ni mfamasia, bado na koti jeupe la kazini. Nyuma yake dereva mstaafu. Nyuma yao mshonaji mwenye utepe wa kupimia shingoni, na wengine sita saba wanavuta viti kwa kelele.

"Hao ni nani?" anauliza mlezi.

"Kikao cha thelathini na mbili. Saa nane ni saa nane, kuwe na mahojiano kusiwe na mahojiano."

"Umewaandaa?"

"Ningewaandaa, wangevaa vizuri."

Mlezi anaangalia karatasi zake. Kisha anaomba kompyuta igeuzwe iwaelekee watu. Anachagua kikao kimoja katika orodha, cha kumi na saba, mada yake kutengeneza fomu ya mawasiliano. Nani alikuwepo? Mikono mitano inapanda.

"Nisimulieni kilikuwaje."

"Siku hiyo umeme ulikatika," anaanza mfamasia. "Tukachora fomu kwenye karatasi, kila mtu na yake, halafu..."

"Siyo hicho," anadakia dereva. "Umeme ulikatika cha kumi na nane. Cha kumi na saba paa lilivuja, tukahamisha makasha yote."

"Mzee, paa lilivuja cha kumi na tisa! Mimi ndiye niliyelowa!" anafoka mshonaji.

"Ulilowa kwa sababu ulichelewa, ukakuta pamebaki pale chini ya tundu. Na ilikuwa cha kumi na saba."

"Basi niambie nilivaa nini, kama unakumbuka sana!"

Shemeji, aliyekuwa amejibanza karibu na mlango, anajishika kichwa. "Jamani, mnanimaliza! Semeni kitu kimoja!"

Hakuna anayemsikiliza. Sasa watu tisa wanazungumza kwa mpigo, wengine hawakuwepo hata siku hiyo. Mama Kopi anafunua daftari mpaka ukurasa wenyewe, anausogeza mbele ya kamera. Chini ya majina, kwa mwandiko wake, yapo maneno manne: "Umeme hakuna. Tumechora karatasini." Mfamasia anapiga vigelegele. Dereva anadai aonyeshwe na ukurasa unaofuata.

Mlezi amevua miwani, anajifuta machozi ya kicheko.

"Mama," anasema akipata pumzi, "watu waliotunga uongo hawagombani hivi. Wangekuwa wamekariri."

Lakini hajamaliza. Anavaa miwani na kuuliza swali la mwisho kwa sauti ya chini: kwa nini wasikubali, mwaka huu wa kwanza, kuwa chini ya mji mkubwa? Wangekuwa salama zaidi. Wenzake wawili watakaotia saini watamuuliza hilo.

Mama Kopi anasimama. Kamera inabaki inamwonyesha kifua na kidevu, hajali.

"Huyu mzee unayemwona anaendesha tovuti ya madereva wastaafu, watu mia tatu wanaisoma. Huyu binti akiweka tangazo la dawa zilizofika, mtaa mzima haupotezi safari. Mshonaji anapokea oda kutoka miji ambayo hajawahi kuikanyaga. Kazi inafanyika hapa. Kwa nini ikaheshimiwe kwingine? Sisi si wageni wa mtu. Waambie hao wenzako hivyo hivyo nilivyosema, usinilainishie neno hata moja."

"Sitalainisha," anasema mlezi, na kioo kinakuwa cheusi.

Jibu lilifika Alhamisi, saa nne asubuhi, akiwa anajalidi ripoti ya mwanafunzi. Ombi limekubaliwa. Mama Kopi anasema alilisoma mara tatu akiwa amesimama, kisha akatoka barabarani na kumwita shemeji yake kwa sauti iliyofanya muuza viatu wa ng'ambo adhani kuna moto. Shemeji alikuja mbio na bisibisi mkononi. Tangu siku hiyo yeye ndiye mwandishi wa vikao, na anakiandika kila kimoja kabla watu hawajatoka mlangoni.

Barua ile ilikuwa na sharti. Ombi lilitaja watu mia mbili. Waliotia saini waliona ni wengi mno kwa mji ambao haujawahi kufanya. Mwaka wa kwanza wapokee themanini.

Mtu mwingine angeshukuru, akakubali. Mama Kopi alijibu kabla hata hajamaliza kujalidi ile ripoti. Anatuonyesha alichoandika: "Ukumbi wa chuo cha ufundi tumeshapewa, na una viti mia mbili. Hivyo mia na ishirini mnataka nivifunike shuka?"

Saa moja baadaye mlezi akamrudia: "Nimewabana, wamekubali. Mia mbili. Lakini wakija themanini, mwaka ujao mimi nitasema na wewe utasikiliza."

"Nikamwambia haya, tumekubaliana."

Zimebaki wiki kumi na moja. Waliojiandikisha mpaka tunakwenda mitamboni ni sitini na wanne, na katika hao shemeji amejiandikisha mara mbili kwa bahati mbaya. Mfamasia anabandika matangazo kwenye kila mfuko wa dawa. Dereva anawapigia simu madereva wastaafu mmoja mmoja, na wasiopokea anawafuata majumbani. Wazungumzaji kumi wamepatikana, wote watazungumza Kiswahili, na mwalimu mkuu wa ile shule ni mmoja wao.

Je, haogopi? Mia mbili ni watu wengi, na viti vitupu vinaonekana kwa mbali.

Mama Kopi anapanga karatasi zilizonyooka tayari, anazigonga kwenye kaunta, anazipanga tena.

"Naogopa," anasema. "Nani kakwambia siogopi? Usiku huu mzima... basi, usiandike hilo." Anavuta pumzi, anatazama kalamu ya mwandishi. "Hiyo mia mbili umeiandika?"

Imeandikwa.

"Kwa tarakimu au kwa maneno?"

Kwa maneno.

"Weka na tarehe: Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa, saa mbili asubuhi, ukumbi wa chuo cha ufundi. Na useme nimesema mimi, nikiwa na akili zangu timamu. Gazeti likishatoka nitakuwa sina pa kurudi nyuma, na ndivyo ninavyotaka."